CMI ya Helsinki: Historia ya Taasisi ya Usuluhishi ya Martti Ahtisaari

CMI ni taasisi isiyo ya kiserikali yenye makao makuu Helsinki, mji mkuu wa Ufini. Kazi yake ni kuzuia vita na kusuluhisha pande zinazopigana. Iliasisiwa mwaka 2000 na Martti Ahtisaari, mwanadiplomasia aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza kipindi chake cha urais. Mwanzoni ilijulikana kama Crisis Management Initiative. Siku hizi jina lake ni CMI – Martti Ahtisaari Peace Foundation. Haina jeshi, haiwezi kumwekea mtu vikwazo, wala haina misaada mikubwa ya kuahidi. Inachokitegemea ni kuaminiwa na mahasimu, na imani hiyo mwasisi wake alianza kuijenga miongo kadhaa kabla ya taasisi kuwapo, katika utumishi uliompitisha Karachi, Dar es Salaam, New York, Windhoek na Belgrade.

Mwasisi na asili yake

Ahtisaari alizaliwa tarehe 23 Juni 1937 katika mji wa Viipuri, ambao wakati huo ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya Ufini. Baada ya vita na Muungano wa Kisovyeti, vilivyoanza Novemba 1939, mji huo ulichukuliwa na Wasovyeti, na hadi leo uko Urusi. Wakazi zaidi ya 400,000 wa maeneo yaliyopotea walihamishiwa sehemu nyingine za nchi. Mama yake alihama naye hadi Kuopio, na baadaye familia ikaishi Oulu, kaskazini. Kwa hiyo alikuwa mkimbizi ndani ya nchi yake kabla hajaanza shule, na katika maisha yake ya utumishi alieleza mara nyingi kwamba hali hiyo ndiyo iliyomfanya aone haja ya kuwasaidia waliong'olewa makwao.

Alisomea ualimu Oulu na kuhitimu mwaka 1959. Mwaka uliofuata alikwenda Karachi, Pakistani, chini ya chama cha vijana Wakristo, YMCA, kusimamia mafunzo ya walimu wa michezo. Aliporejea nyumbani alijihusisha na shughuli za misaada kwa nchi changa, na mwaka 1965 aliajiriwa na Wizara ya Mambo ya Nje katika idara iliyokuwa ikianzishwa kushughulikia misaada ya maendeleo. Hakuingia katika diplomasia kwa mlango wa kawaida wa sheria na itifaki. Aliingia kwa mlango wa visima, shule na mafunzo ya ufundi, na hilo liliathiri namna alivyoielewa kazi yake hadi mwisho.

Balozi Dar es Salaam, 1973–1977

Mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka 36, Ahtisaari aliteuliwa kuwa balozi wa Ufini nchini Tanzania. Kituo chake kilikuwa Dar es Salaam, lakini aliiwakilisha nchi yake pia Zambia, Somalia na Msumbiji. Ufini haikuwa ngeni Tanzania. Pamoja na nchi nyingine za Nordiki, ilikuwa imeshiriki kujenga kituo cha elimu cha Kibaha, kilichoanza miaka ya mwanzo ya uhuru na kukabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mwaka 1970.

Dar es Salaam ya miaka hiyo ilikuwa mji wa wapigania uhuru. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake hapo tangu mwaka 1963, na vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika vilifungua ofisi zao mjini humo. SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia kutoka utawala wa Afrika Kusini, kiliweka makao yake ya nje Dar es Salaam mapema katika miaka ya 1960, na wapiganaji wake walipata mafunzo katika kambi ya Kongwa, Dodoma. Balozi kijana aliyetaka kuwajua viongozi wa harakati hizo hakuhitaji kusafiri mbali.

Wafini walikuwa na sababu yao ya kuijali Namibia. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ufini walifika Ovamboland, kaskazini mwa nchi hiyo, mwaka 1870, na uhusiano wa makanisa, shule na hospitali ulikuwa umedumu zaidi ya miaka 100. Ahtisaari alijenga uhusiano wa karibu na Sam Nujoma na wenzake katika SWAPO, na aliingia katika baraza la usimamizi la Taasisi ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Namibia iliyokuwa Lusaka, ambako vijana wa Kinamibia walisomeshwa ili waje kuendesha serikali siku ya uhuru. Umoja wa Mataifa ulipotafuta Kamishna mpya wa Namibia mwaka 1977, nchi za Afrika zilimkubali kwa sababu zilikwisha kumfahamu.

Namibia: Aprili 1989 na uhuru

Ahtisaari alikuwa Kamishna wa Namibia hadi mwaka 1981. Kabla ya hapo, mwaka 1978, Katibu Mkuu Kurt Waldheim alimteua pia kuwa mwakilishi wake maalumu kwa nchi hiyo. Mwezi Septemba mwaka huo Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 435, lililoweka utaratibu wa kusitisha mapigano na kufanya uchaguzi chini ya Umoja wa Mataifa. Utekelezaji wake ulikwama kwa miaka kumi. Afrika Kusini na Marekani zilidai majeshi ya Kuba yaondoke kwanza Angola, na kizuizi hicho kiliondoka tu tarehe 22 Desemba 1988, mikataba ya New York ilipotiwa saini.

Kikosi cha Umoja wa Mataifa, UNTAG, kilipaswa kuanza kazi tarehe 1 Aprili 1989. Ahtisaari, aliyekuwa mkuu wake, aliwasili Windhoek siku moja kabla. Mabishano ya bajeti huko New York yalikuwa yamechelewesha askari, na waliokwisha kufika walikuwa sehemu ndogo tu ya waliotarajiwa. Alfajiri ya tarehe 1 Aprili mamia ya wapiganaji wa SWAPO walikutwa kaskazini mwa nchi wakitokea Angola. SWAPO ilisema walikuja kukusanyika katika vituo vya Umoja wa Mataifa. Afrika Kusini ilisema ni uvamizi na ikatishia kuvunja mpango mzima. Akiwa hana askari wa kuwapeleka kaskazini, Ahtisaari alipendekeza, na Katibu Mkuu Javier Pérez de Cuéllar akakubali, kwamba baadhi ya vikosi vya Afrika Kusini vitoke kambini. Katika mapigano yaliyofuata waliuawa wapiganaji wa SWAPO zaidi ya 300.

Uamuzi huo ulilaaniwa vikali barani Afrika, na haujaacha kujadiliwa. Waliomtetea walisema bila huo Afrika Kusini ingejiondoa na uhuru ungecheleweshwa tena. Waliomlaumu walisema Umoja wa Mataifa uliwafungulia mlango wauaji. Tarehe 9 Aprili pande husika zilikubaliana huko Mount Etjo juu ya namna ya kuwarudisha wapiganaji Angola, na mpango ukasalimika.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kazi isiyo na sifa: kurudisha wakimbizi zaidi ya 40,000, kufuta sheria za kibaguzi, kuandikisha wapiga kura zaidi ya 700,000, na kushinikiza kuondolewa kwa askari wa Koevoet, kikosi cha kupambana na waasi, waliokuwa wamejificha ndani ya jeshi la polisi. Uchaguzi wa Novemba 1989 ulivuta asilimia 97 hivi ya walioandikishwa. SWAPO ilipata viti 41 kati ya 72, pungufu ya theluthi mbili zilizohitajika kupitisha katiba peke yake, hivyo vyama vililazimika kuelewana. Namibia ikawa huru tarehe 21 Machi 1990, Nujoma akiwa rais. Nchi hiyo ilimpa Ahtisaari uraia wa heshima, na Windhoek ina shule ya msingi yenye jina lake.

Urais na kuzaliwa kwa CMI

Mwaka 1994 Ahtisaari alichaguliwa kuwa Rais wa Ufini, wa kwanza kupatikana kwa kura ya moja kwa moja ya wananchi. Katika kipindi chake nchi ilijiunga na Umoja wa Ulaya, tarehe 1 Januari 1995. Usuluhishi haukumwacha hata alipokuwa Ikulu. Juni 1999, yeye kwa niaba ya Umoja wa Ulaya na Viktor Chernomyrdin kwa niaba ya Urusi walikwenda Belgrade kumkabidhi Rais Slobodan Milošević wa Yugoslavia masharti ya kumaliza vita vya Kosovo. Milošević aliyakubali.

Hakugombea tena. Alipokabidhi madaraka tarehe 1 Machi 2000 alikuwa na miaka 62. Badala ya kustaafu, aliunda CMI. Hoja yake ilitokana na aliyoyaona: serikali na mashirika makubwa ya kimataifa mara nyingi haziwezi kuzungumza na kundi la waasi bila kuonekana zimelitambua, na kila hatua yao hupimwa kwa maslahi ya mataifa. Taasisi ndogo ya kiraia yenye mtu anayeheshimika ingeweza kufungua mlango ambao balozi wa nchi asingeweza kuubisha.

Miaka ya kwanza haikuwa na mvuto wa magazetini. CMI ilishughulikia namna mashirika ya kiraia, polisi na majeshi yanavyoweza kufanya kazi pamoja wakati wa majanga, na matumizi ya teknolojia ya habari katika kuratibu shughuli hizo. Ahtisaari mwenyewe aliendelea kuitwa kwingineko. Yeye na Cyril Ramaphosa wa Afrika Kusini walikagua maghala ya siri ya silaha za kundi la wapiganaji la IRA huko Ireland ili kuthibitisha kwamba hazikutumika. Mwaka 2003 Katibu Mkuu Kofi Annan alimtuma Pembe ya Afrika kuhusu janga la njaa na mahitaji ya kibinadamu.

Aceh, 2005

Jambo lililoijengea CMI jina lilitokea Indonesia. Jimbo la Aceh, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Sumatra, lilikuwa na vita tangu mwaka 1976, Hasan di Tiro alipoanzisha chama cha Aceh Huru, GAM, kudai kujitenga. Watu wapatao 15,000 walikufa. Mapatano ya Desemba 2002 yalivunjika ndani ya miezi michache, na Mei 2003 serikali ikatangaza utawala wa kijeshi. Viongozi wa juu wa GAM waliishi uhamishoni Uswidi.

Aliyeunganisha nyuzi alikuwa Juha Christensen, mfanyabiashara wa Kifini aliyewahi kuishi Indonesia na kuijua lugha ya huko. Aliwasiliana na watu wa karibu wa Makamu wa Rais Jusuf Kalla, akazungumza na GAM huko Uswidi, kisha akamwomba Ahtisaari asimamie mazungumzo. Maandalizi yalikuwa yamekwisha kuanza tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la chini ya bahari lilipozusha tsunami iliyosababisha watu wapatao 170,000 kufa au kupotea katika Aceh peke yake. Msiba huo haukuzalisha mazungumzo, bali uliyaharakisha: macho ya dunia yalikuwa Aceh, misaada ilikuwa njiani, na kila upande uliogopa kuonekana ndio unaoizuia.

Duru ya kwanza ilifanyika mwishoni mwa Januari 2005 katika jumba la kale la Königstedt, nje kidogo ya Helsinki. Wajumbe watano au sita wa kila upande, wasaidizi wachache wa CMI, na theluji nje. Ahtisaari aliwawekea kanuni moja tangu mwanzo: hakuna kilichokubaliwa mpaka kila kitu kimekubaliwa. Hakukuwa na mkataba wa kusitisha mapigano kwanza, kwa kuwa mikataba ya namna hiyo ilikuwa imevunjika mara kadhaa. Aliwaeleza GAM waziwazi kwamba kama walikuja kujadili uhuru kamili, hakuwa na muda wa kupoteza. Na aliwaeleza wajumbe wa serikali kwamba jina la zamani la "mamlaka maalumu", ambalo Waaceh walikwisha kulidharau, halingetosha. Katika duru ya pili, mwezi Februari, GAM ilikubali kujadili Aceh inayojitawala ndani ya Indonesia. Hapo ndipo mlango ulipofunguka.

Baada ya duru tano katika muda wa miezi isiyotimia saba, hati ya makubaliano ilitiwa saini Helsinki tarehe 15 Agosti 2005. Hamid Awaluddin, Waziri wa Sheria na Haki za Binadamu, alisaini kwa serikali, na Malik Mahmud kwa GAM. Ahtisaari alisaini kama msuluhishi. Masharti yake yalikuwa ya kupimika. GAM ingevunja kikosi chake cha wapiganaji 3,000 na kusalimisha silaha 840 kabla ya mwaka kwisha. Serikali ingeondoa vikosi vilivyoletwa kutoka nje ya jimbo na kubakiza askari wa jeshi wasiozidi 14,700 na polisi 9,100. Wafungwa wangesamehewa, Aceh ingebaki na asilimia 70 ya mapato ya mafuta, gesi na maliasili zake, na vyama vya siasa vya jimbo vingeruhusiwa, jambo ambalo sheria za Indonesia hazikuwa zimelikubali.

Usimamizi haukuachwa kwa CMI. Ahtisaari alishawishi Umoja wa Ulaya na nchi tano za Asia ya Kusini-Mashariki kupeleka ujumbe wa uangalizi, ulioongozwa na Pieter Feith na kufanya kazi kuanzia Septemba 2005 hadi Desemba 2006. Silaha zilikatwakatwa hadharani mbele ya wananchi. Mwezi Desemba 2006 Irwandi Yusuf, mwana-GAM aliyekuwa mfungwa gerezani Banda Aceh siku ya tsunami na kuponea kwenye paa, alichaguliwa gavana.

Vita havikurudi. Hata hivyo hati ilikuwa na mapengo. Tume ya ukweli ilichukua zaidi ya miaka kumi kuundwa, na mahakama ya haki za binadamu iliyotajwa katika hati haikupatikana, hivyo wengi waliopoteza ndugu hawakupata majibu. Wanawake walikuwa wachache mno mezani, na waliokuwa wapiganaji ndio waliorithi madaraka.

Baada ya Aceh

Novemba 2005 Kofi Annan alimteua Ahtisaari kuongoza mazungumzo ya hatima ya Kosovo. Kazi hiyo ilikuwa yake binafsi kwa niaba ya Umoja wa Mataifa. Baada ya mazungumzo ya zaidi ya mwaka mmoja huko Vienna kushindwa kuleta mwafaka, mwaka 2007 alipendekeza uhuru chini ya usimamizi wa kimataifa. Serbia na Urusi zilikataa. Kosovo ilijitangazia uhuru Februari 2008. Kwa Waserbia wengi jina lake lilibaki jina la mtu aliyependelea upande mmoja.

CMI yenyewe iligeukia Iraki. Mwaka 2007 na 2008, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Massachusetts Boston, iliwakutanisha nchini Ufini wanasiasa wa Kisuni, Kishia na Kikurdi pamoja na watu waliopitia usuluhishi wa Afrika Kusini na Ireland Kaskazini. Wazo lilikuwa kwamba aliyewahi kukaa meza moja na adui yake humfundisha mwenzake mambo ambayo mtaalamu wa nadharia hawezi.

Tarehe 10 Oktoba 2008 Ahtisaari alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel kwa juhudi zake za zaidi ya miongo mitatu katika mabara kadhaa, Namibia, Aceh na Kosovo zikitajwa miongoni mwao. Alikuwa Mfini wa kwanza kupata tuzo hiyo ya amani. Kwa CMI tuzo ilileta wafadhili, wafanyakazi na mialiko, na taasisi ikaanza kukua kutoka ofisi ya mtu mmoja mashuhuri na wasaidizi wake kuwa shirika lenye wataalamu wa maeneo mbalimbali.

Barani Afrika kazi yake ilichukua sura tofauti na ya Aceh. Badala ya kuwa mwenyekiti wa meza, CMI ilishirikiana na Umoja wa Afrika na shirika la ACCORD la Afrika Kusini kuimarisha uwezo wa Umoja huo wa kusuluhisha kwa watu wake wenyewe: kuwaandaa wajumbe maalumu, kuwapatia wasaidizi na kuhifadhi uzoefu wa mazungumzo yaliyopita. Ilifanya kazi pia Liberia, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na katika nchi za Pembe ya Afrika. Kwingineko iliendesha mazungumzo ya kimya Mashariki ya Kati, Kusini mwa Caucasus na Moldova. Suala la wanawake, lililokuwa dhaifu katika Aceh, likawa moja ya maeneo makuu ya kazi yake.

Namna inavyofanya kazi

Fedha za CMI hutoka zaidi kwa serikali ya Ufini, Umoja wa Ulaya na nchi nyingine wafadhili, pamoja na michango ya watu binafsi na makampuni. Hali hiyo huipa uwezo, na pia huifanya iulizwe kila mara kama kweli iko huru. Jibu lake limekuwa kutoingia mahali pasipo na ridhaa ya wahusika na kutotangaza kazi inayoendelea. Sehemu kubwa ya shughuli zake ni zile zinazotangulia mazungumzo rasmi au kwenda sambamba nayo: washauri wa viongozi, wabunge, wazee wa jamii na viongozi wa dini hukutanishwa bila kamera ili kupima nini kinaweza kukubalika.

Mipaka yake ni dhahiri. Pande zikiona zinaweza kushinda vitani, taasisi ya namna hii haina cha kuzilazimisha. Aceh ilifanikiwa kwa kuwa serikali mpya ya Jakarta ilitaka mwafaka, GAM ilikuwa imechoka, na walikuwapo waangalizi wenye uzito wa kuhakikisha ahadi zinatimizwa. Ahtisaari mwenyewe alishikilia kwamba hakuna mgogoro usioweza kutatuliwa, lakini aliongeza kwamba nia ndiyo inayokosekana. Katika Syria na Ukraine nia hiyo ilipokosekana, wasuluhishi wa kila aina walibaki pembezoni.

CMI bila mwasisi

Septemba 2021 ilitangazwa kwamba Ahtisaari anaugua maradhi ya Alzheimer na amejiondoa katika shughuli za umma. Alikuwa amekwisha kuachia uongozi wa bodi. Alexander Stubb, waziri mkuu wa zamani aliyekuja kuchaguliwa Rais wa Ufini mwaka 2024, alikuwa miongoni mwa waliomfuata katika kiti hicho. Ahtisaari alifariki dunia Helsinki tarehe 16 Oktoba 2023 akiwa na umri wa miaka 86, na akazikwa kwa heshima za kitaifa mwezi Novemba katika makaburi ya Hietaniemi.

Taasisi aliyoiacha haiwezi tena kutegemea mtu ambaye Nujoma alimjua tangu Dar es Salaam. Imelazimika kuwaandaa wasuluhishi wengi wasiojulikana badala ya mmoja anayejulikana, na kukaa na jamii moja kwa miaka kadhaa kabla ya kuomba kusikilizwa. Utaratibu huo ni wa polepole, lakini ndio uliomfikisha Ahtisaari Namibia: aliwajua wahusika kwanza, akaitwa kuwasuluhisha baadaye.